Edward Steere na Kitu Kinachojulikana

Nilimfikia Edward Steere kwa kosa la irabu moja. Nilikuwa natafuta maktabani maandishi yoyote kuhusu Kiswahili kinachosemwa Masisi, kwetu Kivu Kaskazini, na orodha ya vitabu ikaniletea Masasi, mji ulio kusini mwa Tanzania. Huko, mwaka 1876, askofu mmoja Mwingereza aliwafikisha kwa miguu watu waliookolewa utumwani, akawaanzishia makazi. Nilikuwa karibu kuifunga orodha nilipoliona jina lake. Nililifahamu jina hilo, kama wengi kitivoni wanavyolifahamu: ni yule wa kitabu cha sarufi cha 1870. Sikujua kwamba katika kitabu hichohicho, kwa sentensi chache, aligusa swali lililonisumbua tangu sekondari.

Swali lenyewe ni hili. Kiswahili hakina neno dogo la kusimama mbele ya nomino na kumwambia msikilizaji kwamba kitu kinachotajwa anakijua. Kifaransa, tulichosomea Kongo, kina le na la kwa kitu kinachojulikana, un na une kwa kisichojulikana. Sisi tunasema shamba, basi. Msikilizaji atajuaje kama ni shamba lolote au ni lile tulilolizungumzia jana? Kwetu tunaweka ile mbele ya nomino, ile shamba, na shuleni kalamu nyekundu iliikata ile hiyo kila nilipoiandika, kwa maelezo kwamba si Kiswahili. Wanasemantiki huliita jambo hili umahususi wa virai nomino, na wamelijadili kwa alama za mantiki kwa zaidi ya miaka 100. Steere aliliona kabla ya mjadala huo kuanza, na naamini namna alivyoishi inaeleza kwa kiasi gani aliliona, na ni wapi aliteleza.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma University College ya mji huo, akapata shahada ya juu ya sheria, na mwaka 1850 akakubaliwa kuwa wakili. Uwakili haukumshika. Katika ujana wake alijifunza pia kupiga chapa kwa mashine ya mkono, ustadi ambao wakati ule haukuonekana kuwa na kazi yoyote mbele yake. Mwaka 1856 akawa shemasi wa Kanisa la Uingereza, akahudumu Devon, kisha Lincolnshire kwenye pwani ya Skegness, na mwaka 1862 akapewa parokia ndogo ya kijijini iitwayo Little Steeping. Maisha yake yangeweza kuishia hapo, na leo tusingemtaja.

Aliyeyabadili ni rafiki yake William Tozer. Baada ya hotuba ya Livingstone kule Cambridge mwaka 1857, vyuo vikuu vya Uingereza viliunda misheni ya Afrika ya Kati. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa katika bonde la mto Shire mwezi Januari 1862. Tozer akachaguliwa kushika nafasi yake, na Steere akaomba kumsindikiza. Mke wake, Mary Beatrice, ambaye afya yake haikuruhusu safari kama hiyo, alibaki Uingereza. Wanaume hao wawili walijaribu kukaa kwenye mlima Morumbala, karibu na mto uleule uliommaliza Mackenzie, wakaona hapakaliki. Mwisho wa Agosti 1864 wakashuka Unguja.

Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Shule ya misheni ilianza na hao watano. Mmoja wao ni John Swedi, ambaye mwaka 1879 aliwekwa kuwa shemasi. Napenda kuwafikiria wavulana hawa tunapozungumza juu ya sarufi ya Steere. Walikuwa watoto wa bara, walioletwa pwani kwa nguvu, na Kiswahili kilikuwa lugha waliyolazimika kuijenga upya wakiwa ugenini, sawa na mwalimu wao. Steere akafufua ustadi wake wa ujana, akawafundisha kupanga herufi za risasi. Mwaka 1865, hata miaka miwili haijatimia tangu afike, akachapa hukohuko Unguja mkusanyo wake wa kwanza wa mambo ya Kiswahili. Mpanga chapa hawezi kuruka kiambishi: kila herufi lazima ishikwe kwa vidole. Huenda ndiyo sababu macho ya Steere yalitua mahali ambapo wengine walipita haraka.

Alirudi Uingereza mwaka 1868, na huko London, mwaka 1870, kikatoka kitabu chake kikubwa cha mwongozo wa Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Katika maelezo yake ya viambishi vya yambwa, yaani vile viambishi vya mtendwa vinavyokaa ndani ya kitenzi kabla ya mzizi, anaweka kanuni. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba kiambishi hicho hudokeza kitu ambacho kimekwisha kutambulikana. Kwa hiyo kitumike pale Mwingereza angetumia kiwakilishi au neno lake la umahususi, na kiachwe pale ambapo asingelitumia.

Mfano wake mmoja ulihusu kununua nyumba. Nitatumia shamba. Nikisema nataka kununua shamba, nina haja ya shamba, na lolote litakalopatikana kwa bei nzuri litanifaa. Nikisema nataka kulinunua shamba, kuna shamba fulani ambalo mimi na wewe tunalo akilini. Nomino haikubadilika hata herufi moja. Tofauti yote imebebwa na li ndani ya kitenzi. Mtu aliyezoea Kilatini na Kiingereza angelitafuta jambo hili kwenye nomino, asingeliona, na angeandika kwamba Kiswahili hakina njia ya kulisema. Steere alilikuta kwenye kitenzi. Siwezi kuthibitisha kwamba uwakili ulimsaidia, lakini nashuku hivyo. Wakili ndiye mtu anayelala macho kwa ajili ya tofauti kati ya kuahidi kuuza nyumba na kuahidi kuiuza nyumba.

Tukumbuke tarehe. Makala ya Frege juu ya maana na kirejelewa ilitoka 1892, miaka 22 baada ya kitabu cha Steere. Russell aliandika mwaka 1905 kwamba kusema mfalme wa Ufaransa ni kudai kwamba yupo mfalme wa Ufaransa, na kwamba ni mmoja tu. Kwa Russell, basi, umahususi ni habari ya upekee: kitu kipo, na hakina mwenziwe. Tasnifu ya Irene Heim ilitoka 1982, miaka 100 kamili tangu Steere afariki, na ikaipa nguvu njia nyingine. Kwa Heim, mazungumzo ni kama kasha la kadi. Kirai kisicho mahususi hufungua kadi mpya, na kirai mahususi huirudia kadi iliyokwisha kufunguliwa. Hapo umahususi ni habari ya kujulikana kati ya watu wawili wanaozungumza. Ukiisoma kanuni ya Steere baada ya hao wote, unaona kwamba nusu yake ya kwanza iko upande wa Heim. Haisemi shamba liwe moja duniani wala wilayani. Inasema liwe limekwisha kutambulikana.

Nusu ya pili ndiyo yenye tatizo, ile inayokipima kiambishi kwa neno la Kiingereza. Mfano wake mwingine ulihusu kumwona mtu, na hapo Kiswahili cha leo kinamkana. Mwambie rafiki yako kwamba umemwona mtu mlangoni: atakuelewa vizuri, ingawa hamjui mtu huyo na huenda nawe humjui. Kwa binadamu kiambishi karibu ni lazima, mtu awe anajulikana au hajulikani. Wanaisimu wa karne ya ishirini walilieleza hili kwa kigezo cha uhai, kwamba kiambishi huvutwa na nomino za watu kabla ya kuulizwa lolote kuhusu umahususi. Ama Steere aliipanua kanuni kupita mpaka wake ili ilingane na Kiingereza, ama Unguja ya 1870 ilisema tofauti na ya leo. Mimi naelekea kwenye la kwanza.

Hata kwa vitu visivyo na uhai, Kiingereza hakitoshi kuwa kipimo. Chukua sentensi nimevisoma vitabu viwili. Aliyenipa vitabu vitano ataelewa kwamba nasema juu ya hivyo vitano, na kwamba viwili kati yake nimevimaliza. Ni vipi hivyo viwili? Hajui. Kundi analijua, vitabu vyenyewe hajavijua, na bado vi imekaa mahali pake bila wasiwasi. Au nimekisoma kila kitabu: hapa hakuna kitabu kimoja kinachonyoshewa kidole, lakini rafu ya vitabu inajulikana. Kinachodaiwa na kiambishi ni kwamba mahali pa kutafutia pawe pamekwisha kuwekwa kati yetu. Maneno ya Steere juu ya kitu kilichotambulikana yangeweza kunyoshwa yakafika hapo. Neno la Kiingereza haliwezi, na kwa bahati mbaya vitabu vingi vya kufundishia vilivyofuata viliichukua nusu ya pili, kwa sababu ndiyo rahisi kukariri.

Mwaka huohuo wa 1870 ulitoka pia mkusanyo wake wa hadithi za Kiswahili. Humo mna kisa cha Sultani Darai na paa wake, na habari za Liongo. Mwanafunzi wa semantiki anayetaka kuona kadi za Heim zikifunguliwa na kurudiwa asome kisa cha paa. Paa anaingia kama paa tu. Akishaingia, wasimulizi humwita yule paa, na yule husimama mbele ya nomino. Maskini anayemnunua naye ni yule maskini. Mkusanyo umejaa matumizi haya kurasa kwa kurasa. Steere aliyaandika kama alivyoyasikia, hata pale ambapo Mwingereza mwenzake angeona kwamba yule amezidi.

Nilipofika hapo nikaikumbuka ile kalamu nyekundu. Wakati Steere anakiweka Kiswahili cha Unguja kwenye karatasi, misafara ya wafanyabiashara ilikuwa ikikibeba Kiswahili kuelekea Maniema, hadi Nyangwe na Kasongo, pamoja na watu wa Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja. Kutoka huko, na baadaye kwa jeshi la kikoloni, machimbo na mashamba makubwa, lugha ilipanda hadi kwetu, Masisi na Walikale, ikakuta Kihunde, Kinyarwanda, Kinyanga, Kikano na Kikumu. Muziki wa ngeli ukalegea njiani. Tunasema ile shamba, ile kitabu, ile miti, neno moja kwa ngeli nyingi. Lakini mahali pake ni palepale pa yule paa, mbele ya nomino, na kazi yake ni ileile: kurudia kadi iliyokwisha kufunguliwa. Na haisimami ovyo. Asubuhi kwetu tunasema jua imetoka. Hakuna anayesema ile jua imetoka, ingawa jua ni moja kuliko mfalme yeyote wa Russell. Upekee peke yake hauiiti ile. Lazima kitu kiwe kimepita katika mazungumzo yetu.

Wengi wetu Masisi tunakua na lugha zaidi ya moja mdomoni, na wanaosema Kinyarwanda watatambua jambo hili mara moja. Gitabo ni kitabu chenye kiambishi awali cha ngeli. Kwa kawaida irabu ya i hutangulia, igitabo. Ukitaka kile kitabu tunachokijua sote, unasema cya gitabo, na irabu inaondoka. Kioneshi hicho hakionyeshi umbali wowote. Kinaonyesha kumbukumbu. Sidai kwamba ile yetu imetoka huko, kwa maana yule wa Unguja alikuwa hajawahi kuiona milima ya Masisi. Nasema tu kwamba mzungumzaji wa Masisi ana sababu za pande zote mbili za kuishikilia.

Turudi kwa Steere, kwa maana miaka yake kumi ya mwisho ilikuwa ya kazi nyingine kabisa. Kimbunga kilikuwa kimeipiga Unguja mwezi Aprili 1872, na mwaka huohuo akarudi kuichukua misheni iliyobaki karibu bila watu. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliofunga soko la watumwa. Sehemu ya kiwanja cha soko ilinunuliwa na padri wa misheni, na sikukuu ya Krismasi mwaka huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa hapo. Nimesimama kwenye aya hii muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mnunuzi sokoni husema anataka mtumwa, kama mimi ninavyosema nataka kununua shamba: yeyote mwenye nguvu, kwa bei nzuri. Wale watano wa 1864 walikuwa wametoka katika sentensi ya namna hiyo.

Steere aliwekwa kuwa askofu Westminster Abbey mwezi Agosti 1874. Mwaka 1875 alitembea kutoka pwani ya Lindi hadi kwa Mataka, mtawala wa Wayao, na mwaka uliofuata akaongoza msafara wa waliokombolewa uliokomea Masasi. Alikuwa amekwisha kukusanya mambo ya Kishambala, Kiyao na Kimakonde kwa njia ileile aliyoitumia Unguja, yaani kukaa na wasemaji na kuandika. Agano Jipya lake la Kiswahili lilichapishwa 1879, na kanisa likafunguliwa Krismasi ya mwaka huo. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882 akiwa na miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa hilo.

Kitabu kiliendelea kuishi bila yeye. A. C. Madan alikipitia upya miaka miwili baadaye, na kikafundisha vizazi vya maofisa na wamisionari. Mwaka 1930 kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi ya kusanifisha kwa kutumia Kiunguja kama msingi. Hivyo maneno aliyoyakusanya Steere kutoka vinywani mwa watu wa mtaa fulani yakawa kipimo cha watu ambao hakuwahi kuwasikia. Sioni sababu ya kumlaumu kwa hilo. Yeye alikuwa mwandishi wa kinachosemwa, na nadhani angalipanda Masisi angaliiandika ile kwenye daftari lake kabla ya kuuliza kama ni sahihi.

Kuna jambo moja ambalo ningemlaumu, nalo ni la umahususi pia. Anwani ya mkusanyo wa 1870 inasema tu kwamba hadithi zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Ni kirai kisicho mahususi kwa watu ambao yeye aliwajua vizuri sana. Linganisha na Walikale. Mwaka 1956 msimulizi wa Kinyanga aliimba na kusimulia utenzi wa Mwindo kwa siku 12 mbele ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, na kitabu kilipotoka mwaka 1969 kila msomaji alimjua kwa jina, Candi Rureke. Mama yangu, aliyekulia Walikale, hulitaja jina hilo kama vile anamtaja jirani.

Nilimpigia simu mama nilipokuwa naandika makala haya, nikamfanyia jaribio bila kumwambia kwamba ni jaribio. Nilitumia Kiswahili chetu, ambacho kuuza maana yake ni kununua. Anayeuza, kwetu, anauzisha. Kwanza nikamwambia: mama, ninataka kuuza shamba. Akaniuliza nitatoa wapi pesa. Tukazungumza mambo mengine, habari za wadogo zangu na bei ya maharage, kisha nikarudi: mama, ninataka kuuza ile shamba. Akanyamaza kidogo, akaniuliza ni ile gani.